Babu na Mshipi wa Kilindini

Watoto, tuanze na maji mnayoyajua. Mvua ikinyesha juu ya msitu wa Mau, na kwetu Kericho na Bomet mvua si mgeni, maji huteremka kwa mito midogo: Itare, Kiptiget, Chemosit, Kipsonoi. Mito hiyo hukutana ikawa Sondu, mto unaoshuka kwa kishindo hadi Ziwa Viktoria. Upande wa pili, Nyangores hupita mjini Bomet, ukaungana na Amala, ukaitwa Mara, ukakata mbuga za wanyama na kuishia ziwani humo humo. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, Uganda, yakawa Mto Nile, yakapita Sudan Kusini, Sudan na Misri, hadi Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo ukitupa jani kwenye kijito kilicho nyuma ya shule yenu, hata lisafiri bila kuoza, Mombasa halifiki. Limeshika njia ya kwenda upande mwingine wa Afrika.

Lakini liko jani moja la kwetu linalofika Mombasa kila wiki, nalo ni la chai. Huchumwa majani mawili na kichipukizi, hupelekwa kiwandani, hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa kwa moto, kisha hufungwa kwenye magunia ya karatasi na kupakiwa kwenye malori. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hata chai ya Uganda na Rwanda huuzwa hapo. Baba yangu, ambaye wanangu humwita Babu, amekuwa akipeleka majani kwenye kituo cha kununulia tangu nikiwa mtoto. Miaka yote hiyo bahari alikuwa hajaiona.

“Chai yangu imeiona,” alikuwa akisema. “Mimi bado.”

Basi hii ni hadithi ya jinsi alivyoiona, na si kwa kusimama ufukweni tu akalowesha miguu.

Kwanza mjue kwamba Babu hakuwa mtu wa samaki. Wazee wengi wa Kikipsigis wa rika lake walilelewa na ng’ombe: maziwa, mursik iliyokaa vizuri kwenye kibuyu, ugali wa wimbi, nyama siku ya sherehe. Samaki kilikuwa chakula cha majirani. Siku za soko Babu alishuka hadi Sondu, mji wa mpakani ambako watu wetu huenda na mifugo na mazao, na Waluo hupanda na samaki kutoka ziwani. Hapo ndipo alipomjua ningu. Ningu ni samaki wa ziwa mwenye desturi ya kushangaza: mvua kubwa ikianza na mito ikafura, huacha ziwa akapanda mto, akipigana na mkondo, ili akatage mayai huko juu. Zamani walipanda kwa makundi makubwa. Karne iliyopita nyavu zikaenea kwenye midomo ya mito, ningu wakakamatwa wakiwa njiani, mayai bado tumboni. Leo amekuwa samaki adimu.

Babu hakuwahi kumla ningu, lakini habari hiyo ilimuuma. “Ukichinja ng’ombe mwenye mimba,” alikuwa akituambia, “mwaka ujao utakamua nini?” Mlikumbuke neno hilo, maana lilikuja kusemwa tena mahali ambapo sikulitarajia.

Sasa, mdogo wangu wa kike aliolewa pwani, huko Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Mumewe ni nahodha. Msimu wa wageni huwapeleka baharini wanaovua kwa kujifurahisha. Siku nyingine huvua kwa ajili ya nyumba yake na soko. Kwa wanangu yeye ni baba mdogo, na kwangu ni shemeji. Kila alipopiga simu aliuliza, “Mzee anakuja lini?” Na kila mara Babu alijibu kwamba ng’ombe hawajapata wa kuwachunga. Kisha mwaka mmoja bonasi ya chai ikawa nzuri. Wakulima wadogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo walizopeleka, halafu mwezi wa Oktoba au karibu na hapo hupewa malipo ya pili, hayo ndiyo bonasi, na ndiyo hulipa karo na kuezeka nyumba. Babu alilipa alichopaswa kulipa, akahesabu kilichobaki, akasema shule zikifungwa tunaondoka.

Safari ya barabarani siielezi sana. Basi hadi Nairobi, treni ya Madaraka Express hadi Mombasa, na kupitia dirishani wanangu wakaona tembo wa Tsavo wenye rangi ya udongo mwekundu. Mombasa Babu aliomba tupite mitaa ya maghala. Alisimama mbele ya lori lililokuwa likishusha magunia ya chai, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo ndipo akakubali twende tukapande feri ya Likoni.

Shimoni tulipokelewa kwa wingi wa shikamoo kiasi kwamba Babu hakupata nafasi ya kumaliza kusema marahaba. Usiku ule tulikaa barazani, upepo ukitupiga usoni, na binti yangu, ambaye haachi kuuliza, akataka kujua upepo huo unatoka wapi.

“Huu ni kaskazi,” shemeji akamwambia. “Umetoka Uarabuni na Bara Hindi, umekuja kukutazama.”

Nieleze vizuri, kwa sababu bila upepo huu hakuna pwani mnayoijua. Nchi kavu hupata joto upesi na hupoa upesi. Bahari ni nzito, hubadilika taratibu. Mwezi wa Julai bara la Asia huwa limechemka, hewa yake hupaa, na hewa nyingine huvutwa kutoka kusini kwenda kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa kusi, nao kwetu huvuma takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, mara nyingi kwa nguvu, na bahari huchafuka. Ikifika Desemba na Januari Asia imepoa, hewa nzito hushuka kutoka huko kuja kwetu, ndio kaskazi, mpole zaidi, unaoisha mwezi wa Machi. Kwa mamia ya miaka majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi yakileta tende na mazulia, yakangoja, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko. Watu walioana, wakajifunza lugha, wakabaki. Na wavuvi nao hufuata saa hiyo hiyo: kaskazi ikituliza maji, vyombo vidogo vinaweza kutoka nje ya miamba na kwenda kwenye kilindi, wanakopita samaki wakubwa.

Tulitoka alfajiri, kabla nyota hazijaisha. Boti lilikuwa la faiba, lenye injini mbili nyuma. Shemeji alihakikisha kila mtu, Babu akiwamo, amevaa jaketi la kuelea na kulifunga. Babu alisita, akisema ameishi miaka mingi bila kufungwa kamba. Shemeji akamjibu kwa adabu, “Baba, nami nikija kwako nitavua viatu mlangoni.” Babu akafunga. Kisha shemeji akasema bismillahi, akasukuma wenzo wa injini, tukapita kati ya Shimoni na Kisiwa cha Wasini.

Jua lilipochomoza tulikuwa kando ya visiwa vya Kisite na Mpunguti. Pomboo walijitokeza, wawili, kisha kundi zima, wakiogelea mbele ya boti kwa kujiendea tu. Kitindamimba wangu akauliza kwa nini hatutupi mishipi hapo, maana maji yalikuwa maangavu na samaki walionekana. Shemeji akamweleza kwamba Kisite ni hifadhi ya taifa ya baharini, hairuhusiwi kuvua humo hata samaki mmoja. Samaki wadogo hukulia kwenye matumbawe yale, wakishakua huvuka mpaka na kuwa riziki ya watu. Babu alitazama nje akitafuta ua au boya la kuonyesha mpaka huo.

“Unajuaje umefika mwisho wake?”

Shemeji akamwonyesha. Nyuma yetu, upande wa kusini magharibi, milima ya Usambara ya Tanzania ilikuwa imetokeza. Upande mwingine kulikuwa na ncha ya kisiwa na miti mirefu juu yake. Mvuvi huchagua vitu viwili vya nchi kavu vinavyosimama mstari mmoja, halafu viwili vingine upande mwingine. Mistari hiyo miwili inapokatana, hapo ndipo alipo. Kuna vyombo vya setilaiti siku hizi, na shemeji anacho, lakini babu zake walipata miamba ya chini ya maji kwa njia hiyo, wakairithisha. Hilo lilimpendeza Babu kuliko injini. Alikaa muda mrefu akipanga milima kwa macho, mara jicho moja, mara mawili.

Tulipovuka miamba ya mwisho, boti likaanza kupanda na kushuka. Hapo ndipo watoto wa mlimani walipojulikana. Binti yangu alinyamaza, akawa na rangi ya majivu, kisha akainama pembeni. Msidhani ni udhaifu. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji inayouambia ubongo kama mwili unasogea. Ukikaa chini na kutazama sakafu ya boti, macho husema umetulia, sikio linasema unayumba, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana huvuruga tumbo. Shemeji alimpa kipande cha tangawizi atafune, akamsimamisha, akamwambia atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, kwa sababu mstari huo hauyumbi. Muda si muda akaanza kuuliza maswali tena, nikajua amepona.

Alichouliza ni hiki: chini kuna umbali gani?

Watoto, kwetu nyumbani tunaishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mlango wa Pemba, yaani maji yaliyo kati ya bara na kisiwa cha Pemba, hushuka hadi mita 800 hivi. Unguja iko juu ya sakafu ya bahari isiyo na kina kikubwa, lakini Pemba imetengwa na bara kwa bonde hili lenye kiza. Mwanga wa jua huliwa na maji rangi baada ya rangi: nyekundu hupotea kwanza, buluu hubaki mwisho, ndiyo maana pale tulipokuwa maji yalikuwa ya buluu iliyokolea hadi karibu na weusi. Ukifika mita 200 mwanga umebaki kidogo sana. Na ukitoka nje ya Pemba, Bahari ya Hindi kwa wastani ina kina cha zaidi ya mita 3,500. Ungeichukua nchi yetu yote ya chai, mashamba, viwanda na vilima vyake, ukaitumbukiza huko, isingetokeza hata jani.

Na huko kwenye kiza wako wenyeji. Shemeji akatusimulia habari za silikanti. Wanasayansi walikuwa wakimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Kisha mwezi wa Desemba mwaka 1938, huko Afrika Kusini, mwanamke aliyeitwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la mji wa East London, akamwona samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi, mwenye mapezi yaliyoota kwenye vijinofu mfano wa viungo. Alikuwa yeye. Mwaka 2001 akanaswa mmoja karibu na Malindi, hapa hapa Kenya. Miaka michache baadaye wavuvi wa Tanga, kusini kidogo tu mwa Shimoni, wakaanza kuwapata kwenye nyavu zao mmoja baada ya mwingine, hata Tanzania ikatenga hifadhi ya baharini kwa ajili yake mwaka 2009. Mwanangu mdogo alichungulia majini kwa muda mrefu baada ya kusikia hayo. Mimi pia.

Mishipi ilikuwa tayari majini. Uvuvi wa kilindini haufanani na wa mtoni, mnakokaa kimya na kijiti. Boti huenda polepole likikokota mishipi minne au mitano nyuma yake, mingine mifupi, mingine mirefu, kila mmoja na chambo: ngisi wa plastiki wenye rangi kali, au samaki mdogo aliyeshonwa kwenye ndoana. Vikiruka juu ya maji, samaki mkubwa huviona kwa chini vikikimbia mbele ya mwanga. Nahodha hatazami mishipi. Hutazama ndege. Membe wakikusanyika na kujirusha majini, ujue chini yao kuna dagaa, na wanaowasukuma dagaa juu ni jodari au nguru.

Tulipata sehewa kwanza, wengi kwa mkupuo, wakigongagonga sakafu ya boti kwa mikia. Samaki hao, pamoja na binamu yao jodari, hawajui kusimama. Samaki wengi husukuma maji juu ya matamvua wakiwa wametulia. Hawa hupata pumzi kwa kuogelea midomo wazi, mchana na usiku, maisha yao yote. Baada yao akaja nguru, mrefu, wa fedha, aliyevutwa na binti yangu mwenyewe huku nikimshika kiunoni. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha jioni, na shemeji akakiweka kwenye barafu akiwa anatabasamu.

Kisha mshipi wa Babu ukalia.

Gurudumu la mshipi wa namna ile lina breki. Nahodha huikaza kiasi kwamba samaki akivuta kwa nguvu mshipi unatoka badala ya kukatika. Ule ulikuwa ukitoka kwa mlio mwembamba usiokoma, na nyuma yetu, mbali, maji yakapasuka. Akaruka samaki mzima hewani. Mdomo wake wa juu ulikuwa umerefuka ukawa mkuki, na mgongoni pezi limesimama lote, pana kuliko kina cha mwili wake, la buluu lenye madoa. Mbavuni alikuwa akiwaka mistari ya rangi iliyokuja na kupotea.

“Sulisuli!” shemeji akapaza sauti. “Baba, mpe! Usimzuie! Mpe mshipi!”

Babu alikuwa ameketi, kitako cha fimbo kimeingia kwenye kikombe cha mkanda, na mikono yake iliyozoea kamba za mafahali ilikuwa imekaza. Alisikia. Akalegeza. Samaki akaenda, akaruka tena, akaenda. “Sasa vuta. Inua fimbo, ukishusha zungusha.” Inua, shusha, zungusha. Jasho likamtoka. Nilitaka nimpokee, akanitazama mara moja tu, nikarudi nilikosimama.

Nitumie nafasi hii niwaambie wanayoyafanya sulisuli kwa vifaa vyao. Hawatumii ule mkuki kuchoma. Huzunguka kundi la dagaa wakiwa wengi, wakiinua mapezi ya mgongoni kuwabana, kisha mmoja mmoja huingia na kupiga mkuki huku na huku kwa kasi, dagaa wakaumia, wakaliwa. Karibu na ubongo na macho sulisuli ana kiungo kilichotokana na msuli wa jicho ambacho kazi yake ni kutoa joto tu, ili macho yaone haraka hata akizama kwenye maji ya baridi. Vitabu vingi vya watoto huandika kwamba huogelea kilomita 110 kwa saa. Watafiti waliompima kwa uangalifu miaka ya karibuni hawakupata hata nusu ya kasi hiyo. Kwangu mimi hilo halimpunguzii kitu. Mnyama wa kweli, akijulikana vizuri, anatosha.

Ilichukua muda mrefu. Hatimaye akaja kando ya boti, pezi limelala, jicho kubwa limetutazama. Alimzidi Babu kwa urefu. Msaidizi wa shemeji alivaa glavu, akamshika mkuki, boti likiendelea kusogea polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Wanangu walikuwa wakirukaruka, tayari wameshaona picha yao na samaki aliyening’inizwa. Shemeji akachukua kijiti chenye ncha, akapachika kialama chembamba chenye namba kwenye msuli wa mgongo, akaandika kwenye kadi: tarehe, mahali, urefu aliokadiria. Kadi hizo hupelekwa kwa shirika la African Billfish Foundation, Watamu. Mvuvi mwingine akimpata samaki yule, hata nchi nyingine, namba itaeleza alikoanzia na alivyokua. Kisha akashika ndoana aitoe.

“Unafanya nini?” Babu aliuliza.

“Namwachia, Baba.”

Kitindamimba wangu akaanza kulia. Babu naye hakufurahi, na aliyasema hayo: ametoka Bomet, mgongo unamuuma, chakula kimeletwa hadi mlangoni na mwenye nyumba anakirudisha. Shemeji hakumcheka wala hakuharakisha. Alisema nguru na sehewa walio kwenye barafu watatosha nyumba yake na jirani zake wawili. Alisema wageni huja Shimoni kwa ajili ya sulisuli, na akiwamaliza, boti litalala mchangani. Na alisema huyu ni mmoja wa samaki wanaotembea bahari nzima, anayevuliwa na meli kubwa za mbali zenye maelfu ya ndoana, kwa hiyo kila anayemwachia anaongeza kidogo.

Babu akafikiri, mkono umelala ubavuni mwa samaki. “Ni jike?”

“Kwa nje huwezi kujua.”

“Kwa hiyo huenda ana mimba.”

“Huenda.”

“Mwache,” Babu akasema.

Ndoana ikatoka. Msaidizi akaendelea kumshika mkuki mpaka mkia ukaanza kupiga wenyewe, akafungua mkono. Wanangu waliahidiwa picha ya simu iliyokwisha kupigwa, na walikasirika mpaka mchana.

Nami niseme wazi ninavyoona. Pwani sulisuli huliwa, na nyama yake ni nzuri. Mvuvi wa ngalawa ambaye siku nzima hakupata kitu, akimnasa mmoja, akampeleka kwa watoto wake, hakukosea chochote, na asije mtu mwenye friji iliyojaa akamhubiria. Sisi tulikuwa na nguru. Hiyo ndiyo tofauti, na shemeji aliijua kabla ya kutoka nyumbani.

Adhuhuri ilipokaribia, Babu akanyoosha kidole. Upande wa bara wingu lilikuwa limesimama, chini yake limekatika sawasawa na juu linafura. Kwetu Kericho na Bomet tunaishi chini ya mawingu ya namna hiyo. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani kila mchana, ikakutana juu ya vilima na upepo wa mashariki, ikasukumwa juu sana hadi kwenye ubaridi, na matone yakaganda yakawa mvua ya mawe inayochana majani ya chai kwa dakika chache. Mkulima hujifunza kulitambua mapema. “Hilo lina maji, na lina upepo,” Babu alisema. Shemeji alikuwa amekwisha kuliona, lakini alimgeukia kwa furaha ya kweli. “Nusu saa,” akasema. “Robo tatu,” Babu akasema. Mishipi ikakunjwa, tukarudi. Mvua ilitukuta tukiwa tumeingia nyuma ya Wasini.

Dikoni, tuliposhukia, sehewa waliozidi wakapimwa kwenye mizani. Aliyewanunua ni yule ambaye wavuvi wa pwani humwita tajiri. Yeye ndiye hukopesha wavu, injini, mafuta, na kwa sababu hiyo samaki huuzwa kwake kwa bei anayoisema. Babu alisimama karibu na mizani, pale pale anaposimama kwenye kituo cha majani, akatazama mshale. Akauliza bei ya kilo hapa, kisha bei ya kilo Mombasa hotelini. Shemeji akamwambia. Shemeji naye akauliza kilo ya majani mabichi inalipwa ngapi, na mnadani chai huuzwa kwa fedha gani.

“Kwa dola,” Babu akasema.

Walikaa kwenye ukingo wa boti mpaka jua likazama, wakipiga hesabu kwa kijiti mchangani: mafuta, mbolea, barafu, mchumaji, usafiri, dalali. Wanangu walikuwa wakizisahihisha zile za kugawanya. Sijawahi kumwona baba yangu akiongea na mkwe wake kwa urefu namna ile.

Usiku mdogo wangu alipika nguru wa kupaka, tui zito la nazi na ndimu, na wali. Babu alionja kipande kidogo kwa heshima ya binti yake. Akala kingine. Akaomba aonyeshwe jinsi ya kuepuka mfupa wa kati, akaonyeshwa, na baada ya hapo hakuhitaji kuonyeshwa kitu.

Tangu hapo kuna kifurushi kinachosafiri. Kutoka Bomet huenda majani ya chai kwa basi. Kutoka Shimoni hurudi ng’onda, samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa juani. Nyanya wa wanangu, ambaye alibaki nyumbani na ng’ombe, alipofungua mfuko wa kwanza aliuweka nje ya nyumba mpaka alipopigiwa simu na kuelezwa kwamba ng’onda hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, akachemshwa, ndipo akatiwa nazi au nyanya. Amemzoea sasa, ingawa humpikia na sagaa, jambo ambalo mdogo wangu hajalikubali. Ile picha ya sulisuli kwenye simu ameitazama mara nyingi. Juzi ameniuliza jaketi la kuelea la saizi yake linauzwa wapi, na nani atabaki na ng’ombe mwezi wa Desemba.